Maelezo Niliyoyatia Saini Hospitalini

Siku ile ilianza kwa kufua. Tulikuwa tumekaa wiki nzima bila jua juu ya kilima kile cha mashariki mwa Kongo, na lilipotoka asubuhi hiyo kila mtu asiye na zamu alichukua ndoo. Kufikia saa nne kamba za mahema zilikuwa zimejaa soksi, fulana na mataulo. Mtu wa Singida hazoei nchi ambayo nguo haikauki. Kwetu unaanika shuka, unakwenda kufungulia kuku, ukirudi limekauka.

Nilikuwa nafua na Koplo Msengi. Yeye alikuwa Mnyiramba wa upande wa Kiomboi, lakini alikuwa ameoa Ihanja, kijijini kwetu. Mkewe, Anjela, si ndugu yangu wa damu. Kati ya nyumba yao na yetu kuna shamba moja la mtama. Tukiwa mbali na nyumbani, hilo lilitosha. Aliniita shemeji tangu siku ya kwanza tulipopangwa hema moja, nami nilijichukulia haki zote za shemeji. Nilikula biskuti zake na kulalia godoro lake lililokuwa nene kuliko langu.

"Mnyiramba akifua, mto mzima unachafuka," nilimwambia.

"Na Mnyaturu akionekana anafua, ujue kuna msiba," alijibu, akanirushia povu.

Nakumbuka alicheka, lakini hakuwa na utulivu. Siku nane kabla, Anjela alikuwa amejifungua mtoto wa kike. Mchana huo wazee wa pande zote mbili walikuwa wanakutana Ihanja kumpa mtoto jina. Baba yake Msengi alikuwa mtu wa mila asiyepindika. Alikuwa ametuma ujumbe kwamba maadamu baba wa mtoto yu hai, hakuna kinywa kingine kitakacholitamka jina kabla ya chake. Simu itawekwa katikati ya wazee, na Msengi atalisema mwenyewe.

Simu ilishika mtandao mahali pamoja tu, kwenye ukuta wa shule iliyoungua, kama hatua mia tatu nje ya kizuizi chetu. Kwa kawaida tulikwenda pale wawili wawili. Wiki hiyo ilikuwa marufuku. Waasi walikuwa wameonekana ng'ambo ya bonde, na kamanda wa kombania alikuwa ametutangazia kwenye paredi kwamba hakuna kuvuka kizuizi, na asiye na zamu asikae mbali na handaki.

Msengi alikuwa na lindo la kizuizini kuanzia saa sita hadi saa nane. Wazee walikuwa wamesema saa saba.

"Nishikie kidogo," aliniambia. "Robo saa tu."

"Kamwombe sajenti."

"Sajenti atakataa. Akishakataa ataanza kunitazama, nitashindwa kabisa."

"Kwa hiyo unataka mimi ndiye nifungwe?"

"Wewe ndiye mjomba wa mtoto. Ukikataa, nitawaambia wazee kwamba mjomba ndiye aliyezuia jina."

Nilimwambia aende. Utaratibu wetu ulikuwa wazi. Askari wakibadilishana lindo, wanakwenda pamoja kwa sajenti, naye anaandika majina yao kwenye daftari la lindo. Hatukwenda. Nilivaa kofia ya chuma, nikachukua bunduki yangu, nikasimama nyuma ya mifuko ya mchanga mahali ambapo daftari lilisema amesimama Msengi.

Nilimwona akishuka njia ya udongo mwekundu, simu tayari mkononi. Kulikuwa na mama mmoja akichuma mboga kando ya njia. Alimsalimia, yule mama akajibu. Kisha akapinda nyuma ya ukuta wa shule.

Nilitazama saa. Saba na dakika mbili.

Yule mama wa mboga aliinuka ghafla, akaacha kapu lake, akaondoka bila kukimbia na bila kutazama nyuma. Nilipaswa kuelewa. Niliwaza tu kwamba amesahau kitu.

Kombora la kwanza lilipita juu yetu, likaangukia nyuma ya jiko.

La pili lilianguka katikati ya mahema. Kamba zilikatika, na nguo tulizoanika zikaruka zikiwaka.

Nilifyatua risasi kuelekea bondeni. Sikuona mtu. Nilifyatua kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa lindoni.

Kisha nikamwona Msengi. Alikuwa anakimbia kurudi, si kuelekea mtaroni ambako angepona, bali kwangu, kwenye lindo lake. Simu ilikuwa bado sikioni.

Alianguka hatua kumi kabla ya kizuizi.

Nilitoka. Nilimshika mkanda wa mgongoni, nikaanza kumvuta. Alikuwa mzito kuliko nilivyotazamia. Nilimwambia, "Shemeji, saidia kidogo." Hakusaidia.

Nilikuwa nimemfikisha kwenye mifuko ya mchanga.

Baada ya hapo sina kumbukumbu yangu mwenyewe. Ninayoyajua niliambiwa: kwamba kombora lilianguka upande wangu wa kushoto, kwamba mapigano yalikwisha muda mfupi baadaye, kwamba tulikutwa tumelaliana ndani ya kizuizi, mmoja amekufa na mmoja akitoka damu sikioni.

Nilizinduka katika hospitali ya mahema. Mkono wa kushoto ulikuwa umefungwa hadi begani, na kichwani kulikuwa na vipande vya chuma ambavyo daktari alisema ni salama zaidi kuviacha vilipo. Siku ya tatu au ya nne alikuja kapteni mmoja na karani wake kuchukua maelezo. Alikuwa mtu mpole. Alivuta kiti, akaniuliza kama naweza kuzungumza.

"Naweza, afande."

"Koplo Msengi alikuwa wapi kombora la kwanza lilipoanguka?"

Nilikuwa nimeshalifikiria swali hilo. Askari aliyeuawa lindoni, mjane wake na watoto wanatunzwa. Askari aliyeuawa baada ya kuacha lindo na kuvuka kizuizi kinyume cha amri ni habari nyingine, na kila mtu jeshini anaijua. Nilimfikiria Anjela na mtoto wake mchanga, na yule mzee wa Kiomboi na mila zake.

"Alikuwa lindoni, afande."

"Na wewe?"

"Mimi sikuwa zamu. Nilitoka handakini kumfuata tupige soga."

Karani aliandika. Kapteni alinitazama kidogo. "Ulitoka handakini wakati wa tahadhari, bila amri, kupiga soga?"

"Ndiyo, afande."

Nilitia saini kwa mkono wa kulia. Nilijiona mtu mwema. Nilijua nitapata karipio, na nililipata, likaingizwa kwenye jalada langu. Sikujua kwamba nimesaini pia juu ya kichwa changu.

Msengi alizikwa kwao kwa heshima zote. Upendo, ndivyo mtoto alivyoitwa, alikua akijua kwamba baba yake alifia lindoni. Mimi nilirudishwa kikosini, nikapewa kazi nyepesi ya stoo. Kwa miaka kadhaa nilihesabu mablanketi na mabuti kwa mkono mmoja na nusu, na nilidhani mambo yameisha.

Kifafa kilianza polepole. Mwanzoni kilikuwa harufu tu: nilisikia harufu ya povu la sabuni mahali pasipo na sabuni, kisha nikapotewa na nusu dakika. Baadaye nikaanza kuanguka. Nilianguka stoo, nikaanguka kwenye paredi mbele ya wageni, nikaanguka nyumbani nikaliangukia jiko la mkaa. Mke wangu, Zaituni, aliniuguza kidonda cha shavuni kwa asali na dawa ya dukani, kisha akaanza kunipangia dunia upya. Jiko likahamia nje. Baiskeli akampa mdogo wake. Kisimani nikakatazwa kukaribia.

Bodi ya madaktari iliniona mara mbili. Mara ya pili waliandika kwamba sifai tena kwa utumishi, nikastaafishwa kwa sababu za kiafya. Tukahamia Singida Mjini, upande wa Kindai, kwenye nyumba ya vyumba viwili aliyoiacha baba yake Zaituni.

Hapa lazima nieleze jambo moja, kwa sababu yote yaliyofuata yalisimama juu yake. Askari anayestaafishwa kwa maradhi ya kawaida hulipwa kwa miaka aliyotumikia, basi. Anayestaafishwa kwa jeraha la kazini huongezewa malipo ya ulemavu, na jeraha lile hutibiwa kwa gharama ya aliyemtuma vitani mpaka afe. Fomu yangu ilikuwa na mstari ulioandikwa "chanzo cha ulemavu". Mbele yake palipigwa chapa: "Si kutokana na utekelezaji wa majukumu."

Nilikwenda ofisini kuuliza. Dada wa masijala alikuwa na adabu. Alilitafuta jalada, akalifungua mbele yangu, akaniwekea kidole penye karatasi iliyokuwa imeanza kuwa ya njano.

"Kaka, haya si maelezo yako?"

"Ni yangu."

"Na saini?"

"Yangu."

"Basi hapa wewe mwenyewe ndiye unayesema hukuwa kazini." Aliinua macho, akaongeza kwa sauti ya chini, "Wenzako huwa wanakuja kulalamika kwamba wameandikiwa uongo. Wewe umejiandikia."

Hakukusudia kuniumiza. Alikuwa amesema ukweli wote kwa sentensi moja.

Dawa zilizokuwa zikinisaidia zilikuwa za bei ambayo nyumba yetu haikuiweza kila mwezi. Mwezi tulionunua nilianguka mara moja, pengine nisianguke kabisa. Mwezi tulioshindwa, Zaituni alilala ameushika mkono wangu ili ashtuke nikishtuka. Alikuwa hajui kilichotokea kizuizini. Nilimwambia siku niliyotoka masijala. Aliendelea kuchambua choroko.

"Kwa hiyo unakufa kwa uongo wako," alisema mwishoni.

"Ulikuwa kwa ajili ya mtoto."

"Mtoto amekua. Nenda ukaseme na mama yake. Usiandike kitu kabla hujasema naye."

Nilikwenda Ihanja wakati wa mavuno. Anjela alikuwa uani na Upendo, wanapiga alizeti. Vichwa vikavu vya alizeti vilikuwa vimemwagwa juu ya turubai, na wao wameketi na fimbo fupi, mama upande huu, binti upande ule. Upendo aliinuka akapiga goti.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Shule mmefunga?"

"Tumefunga, mjomba. Nikirudi naingia kidato cha nne." Alisema hivyo akitabasamu, kwa sauti ya baba yake kabisa, akaenda kuniletea maji na kiti.

Alipokwenda, nilimweleza Anjela. Nilieleza kwa mpangilio, kama ninavyoeleza hapa: ndoo, jina, ukuta wa shule, daftari la lindo, kapteni. Hakuacha kupiga alizeti mpaka nilipofika kwenye kapteni.

"Kaka, unafikiri sijui?" alisema. "Nilikuwa nimeishika simu mimi. Alisema jina, wazee wakapiga makofi. Nikamuuliza, mbona unanong'ona? Akasema, 'Kaka yako amenishikia lindo, nikichelewa atanitukana.' Kisha nikasikia mlio. Akasema, 'Ngoja.' Nilisikia anakimbia, anahema. Kisha ikakatika."

"Na hukusema."

"Waliponiletea karatasi zinasema alifia lindoni, nilijua kuna mtu amezifanya ziseme hivyo. Nilijua ni wewe. Nikanyamaza nikala." Aliokota punje iliyorukia kanga yake, akairudisha kwenye turubai. "Nimekula kimya chako miaka yote hii."

Nilimwambia kwamba nikiandika ukweli, malipo yake yanaweza kufunguliwa upya. Nilimwambia anaweza kukataa, na nitaondoka bila kinyongo. Nilisema hivyo, lakini ninakumbuka vizuri kwamba nilikuwa natumaini hatakataa.

"Wewe ulisema uongo kwa ajili yangu ukiwa na chuma kichwani," alisema. "Mimi mzima nishindwe kusema kweli? Andika. Nami nitasema nilichosikia."

"Upendo je?"

"Upendo ana akili. Watamwona ni mtoto wa askari, hawatamwacha."

Tulikuwa na kosa moja sote wawili, kosa la watu wanaodhani kwamba ukweli ukishaletwa na waliouficha, wakiwa wameinamisha vichwa, utapokelewa kama mgeni. Kwetu ndivyo inavyokwenda. Mkosaji akija mwenyewe na shahidi wake, wazee humpunguzia. Tuliipeleka desturi ya Ihanja ofisini.

Tuliitwa mbele ya jopo la watu watatu. Niliingia kwanza. Nilieleza kila kitu. Mwenyekiti, mzee mwenye miwani, aliniuliza kwa upole kama ninatumia dawa, nikajibu ndiyo, ninapoweza. Aliniuliza kama huwa napoteza kumbukumbu. Nikajibu ndiyo, ninapoanguka. Aliniuliza kama nakumbuka nani alinitoa kizuizini. Nikasema sikumbuki. Aliandika. Nilikuwa nimezoea watu waandikao, na nilipaswa kuitambua ile kasi ya kalamu.

Aliingia Anjela. Alikaa ndani muda mfupi. Alipotoka alikuwa amesimama wima sana.

"Wamekuuliza nini?"

"Kama mimi nina ugonjwa wowote wa kichwa. Nimesema sina."

Majibu yalichelewa mpaka mvua za kwanza. Nililetewa barua na mwenyekiti wa mtaa. Ilikuwa fupi. Ilisema maelezo mapya ya mwombaji yamezingatiwa. Kwamba mwombaji ana jeraha la ubongo lenye kuathiri kumbukumbu. Kwamba maelezo aliyotoa siku chache baada ya tukio ndiyo ya kuaminika zaidi. Kwamba uamuzi wa awali unabaki.

Niliisoma mara tatu nikitafuta mahali nilipokosea kuisoma. Jeraha lilelile lililokataliwa kuwa la kazini lilikuwa limekubaliwa kuwa sababu ya kutoniamini.

Zaituni aliniuliza, "Na Anjela?"

Sikujua. Nilipanda gari kesho yake asubuhi.

Barua ya Anjela ilikuwa ndani ya Biblia yake. Alinipa niisome mwenyewe. Yeye ni mtu mwenye akili timamu, shahidi aliyesikia kwa masikio yake, na alikuwa amesema kinyume cha faida yake mwenyewe. Kwa hiyo walimwamini. Imethibitika, ilisema barua, kwamba marehemu alikuwa nje ya eneo la lindo kinyume cha amri. Malipo ya wategemezi yanasimamishwa hadi uchunguzi utakapokamilika.

Neno langu halikuinua kitu. Lake lilimwangusha.

"Nitakata rufaa," nilisema. "Kwa niaba yako. Nitasema ulichanganyikiwa, nitasema mimi ndiye niliyekufundisha cha kusema."

"Watakuamini wewe?" aliuliza. Hakuuliza kwa kejeli. Alikuwa anauliza kweli, na nilipomtazama alisubiri jibu.

Niliikunja barua, nikairudisha ndani ya Biblia.

Upendo alikuwa nyumbani, siku za shule. Alikuwa shambani kwa jirani akipalilia kwa kibarua. Nilimwona akirudi na jembe begani, matope magotini. Mama yake aliniwahi kabla sijafungua mdomo.

"Nimemwambia yote," alisema. "Nimemwambia hukutaka iwe hivi. Ameelewa. Usimwombe msamaha, utamlemea."

Nimejaribu mara nyingi kuipima hasara hii kama mtu anayepima gunia, mbali na uchungu. Msengi alikufa, na kufa kule hakuna aliyeweza kukuzuia isipokuwa mimi, kwa kusema hapana asubuhi ile tukifua. Mkono wangu na kichwa changu ningeweza kuvivumilia; askari huviweka rehani siku anapoapa. Lakini kulikuwa na kitu kimoja kilichotoka salama katika vita ile. Kilikuwa jina la mtu mmoja, na chakula na shule ya mwanawe. Nilikitoa mimi, nikiwa nimelala kitandani, nikakilinda miaka yote. Kisha nikaenda kwa miguu yangu, nikiwa macho, nikakipeleka kwao wakakiua.

Rufaa yake nimeiandika. Yangu nimeiacha. Sijui kama itasomwa. Kila karatasi inayotoka mkononi mwangu sasa ina chapa ya kichwa kibovu.

Upendo alifika uani, akaweka jembe ukutani. Alipangusa mikono kwenye sketi, akaja mpaka nilipoketi, akapiga goti kama alivyofundishwa. Hakuniangalia usoni.

"Shikamoo mjomba."

Mtoto akikuamkia lazima umwitikie, hata kama hustahili.

"Marahaba," nilisema.

Aliinuka akaingia jikoni kuwasha moto.